Kaboni dioksidi, mchanganyiko wa agoni au waya wenye dawa: ulinganisho kwa karakana inayosumbuliwa na vitundu

Katika karakana za Nairobi, huko Kariobangi Light Industries, Gikomba na kandokando ya barabara ya Lunga Lunga, swali la gesi gani itumike kwenye mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, huulizwa mara nyingi baada ya hasara kutokea. Geti limeshachomelewa, grainda imepita juu ya mshono, na ndani yake pameonekana vitundu kama vya andazi lililokatwa. Fundi huutazama mtungi kwa shaka, kisha huanza kuulizia bei ya mchanganyiko wa agoni, au waya wa aina ile isiyohitaji gesi kabisa.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya fundi huyo na kwa mwenye karakana anayemlipa. Nitazilinganisha kinga tatu, yaani njia za kuzuia hewa isifikie chuma kilichoyeyuka, zinazotumika zaidi kwa chuma cha kawaida: kaboni dioksidi tupu, mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi, na waya wenye dawa ndani unaojikinga wenyewe. Kila moja hutoa mshono mzuri ikitumiwa ipasavyo, na kila moja huharibika kwa namna yake. Kwa maoni yangu, namna hiyo ya kuharibika ndiyo inayostahili kuongoza uchaguzi kuliko bei ya kujaza mtungi, kwa sababu kinga inayokufaa ni ile ambayo kasoro zake unaweza kuzigundua mapema na kuzirekebisha ukiwa hapo hapo ulipo.

Kabla ya kubadilisha mtungi

Sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa gesi si zake. Vitundu hutokea pale hewa, hasa nitrojeni iliyomo ndani yake, inapoingia kwenye dimbwi la chuma kilichoyeyuka, au pale uchafu ulio juu ya chuma unapogeuka mvuke ukanaswa humo. Rangi, mafuta, kutu, unyevu na zinki ya mabati vitaleta vitundu hata chini ya gesi safi kuliko zote. Kwa hiyo jaribio la kwanza halina gharama: chukua kipande cha chuma, kikwangue kwa grainda hadi king'ae, kipeleke mahali pasipo na upepo, kisha upige mshono mfupi. Vitundu vikitoweka, mtungi wako hauna hatia, na tatizo liko kwenye upepo au kwenye usafi wa kazi.

Vikibaki, fuata njia ya gesi kuanzia mtungini hadi kwenye nozeli, yaani mdomo wa tochi. Legeza magurudumu yanayosukuma waya ili usitoke bure, bonyeza kitufe cha tochi, kisha upime mtiririko kwenye nozeli kwa kile kipima-mtiririko kidogo cha plastiki kinachouzwa madukani. Ikiwa regulata, kile kifaa cha kupunguza shinikizo kilicho juu ya mtungi, inaonyesha lita 12 kwa dakika na nozeli inatoa 7, gesi inapotelea njiani. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Funga mtungi na uangalie kama sindano ya geji inashuka huku hakuna anayechomelea. Vua nozeli utazame kama matone ya chuma yameziba matundu ya kipande kinachosambaza gesi, na ukague oringi, zile pete za mpira za kuziba, pale tochi inapoingia kwenye mashine.

Nalisisitiza hilo la oringi kwa sababu liliwahi kunigharimu siku nne. Nilibadilisha mitungi miwili nikiamini kwamba nimeuziwa gesi mbovu, ilhali oringi moja iliyopasuka ilikuwa ikiruhusu hewa ifyonzwe ndani ya mkondo wa gesi. Uvujaji wa aina hiyo hausikiki, kwa kuwa hewa inaingia badala ya gesi kutoka.

Kosa jingine lililoenea ni kuongeza gesi pindi vitundu vinapoonekana. Kwa waya wa milimita 0.8 au 1.0 na nozeli ya kawaida, lita 10 hadi 15 kwa dakika zinatosha ndani ya karakana. Ukipita lita 20 hivi, gesi huanza kutoka kwa msukosuko na kuvuta hewa pembeni, na hapo fundi anaongeza ugonjwa akidhani anaongeza dawa.

Ikiwa ukaguzi huu wote umefanyika na bado unataka kubadilisha kinga, au kama ndiyo kwanza unaanzisha karakana, vigezo ninavyovitumia ni vitano: jinsi kosa linavyojionyesha, uvumilivu wa upepo, ubora wa mshono kwa chuma unachokifanyia kazi, gharama nzima, na afya ya watu walio karibu.

Jinsi kosa linavyojionyesha

*Kaboni dioksidi.* Gesi hii hukaa mtungini kama kimiminika, na humo ndimo chanzo cha matatizo yake karibu yote. Kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi shinikizo lake ni takriban bari 57, nalo hubaki hivyo mtungi ukiwa umejaa, ukiwa nusu, na hata ukiwa umebakiza kidogo. Geji ya shinikizo, kwa hivyo, haikuelezi umebakiwa na kiasi gani. Kimiminika kikiisha shinikizo huporomoka kwa kasi, na fundi aliyekuwa katikati ya mshono hugundua hilo kwa kuona vitundu. Dawa yake ni mizani: pima mtungi, toa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni, na kinachobaki ndiyo gesi yako.

Tatizo la pili ni baridi. Kimiminika kinapogeuka gesi hunyonya joto, na regulata inayofanya kazi mfululizo huota barafu, mtiririko ukaanza kupanda na kushuka. Asubuhi za Julai jijini Nairobi, ambapo jua huchelewa kutoka nyuma ya mawingu, hali hii huja haraka zaidi. Dalili yake ni mshono unaoanza vizuri kisha ukaota vitundu baada ya dakika kadhaa, halafu ukatengemaa tena fundi akirudi kutoka kunywa chai. Mashine nyingi za viwandani zina soketi ya volti 36 nyuma yake kwa ajili ya hita ya regulata. Watu wengi wanaiona kila siku bila kujua kazi yake. Tatu, mtungi usimame wima daima, maana ukilala hutoa kimiminika badala ya gesi. Ipo pia mitungi yenye mrija wa ndani unaofika chini, iliyokusudiwa kutoa kimiminika. Hiyo haifai kuchomelea, na ni vyema kumwuliza muuzaji kabla ya kubeba.

*Mchanganyiko wa agoni.* Hapa gesi imeshindiliwa bila kuwa kimiminika, mara nyingi kwa bari 150 hadi 200, na geji husema kweli: mtungi ulioanza na bari 150 ukifika 75, umetumia nusu. Barafu si tatizo la kawaida. Kosa lake kubwa hutokea dukani na kwenye mipangilio ya mashine. Dukani, mtu huuziwa agoni tupu, ile ya kuchomelea alumini, akaitumia kwenye chuma. Tao la umeme, yaani ule mwale unaoyeyusha chuma, huyumba, mshono hukaa juu kama kamba iliyowekwa juu ya meza, na kingo zake huliwa. Anayeona dalili hizo asome maandishi ya mtungi kabla ya kugusa kitu kingine. Kwenye mipangilio, fundi aliyezoea kaboni dioksidi hubadilisha mtungi na kuacha volti pale pale, ilhali mchanganyiko huhitaji pungufu kwa takriban volti 1 hadi 2. Bila kurekebisha, mshono hutanuka na kingo huanza kulika, kisha gesi mpya ikalaumiwa.

Jambo la ziada ni kwamba uzi wa vali ya kaboni dioksidi na ule wa agoni hutofautiana kwa makusudi. Kubadilisha gesi kunaweza kumaanisha kununua regulata nyingine. Tafadhali usikubali kiungio kilichochongwa mtaani ili regulata moja ikae kwenye mitungi yote miwili. Shinikizo la bari 200 halimsamehe mtu.

*Waya wenye dawa ndani.* Hauna mtungi, hauna mpira wa gesi, hauna oringi, na kwa hiyo orodha nzima ya uvujaji inafutika. Makosa yake yako kwingine. La kwanza ni ncha za umeme. Waya wa aina hii unaojikinga wenyewe, kama E71T-11 na E71T-GS, huhitaji tochi iunganishwe upande hasi, kinyume cha waya mgumu wa kawaida, usio na dawa ndani, ambao tochi yake huwa upande chanya. Fundi akisahau kuzigeuza nyaya ndani ya mashine, matone huruka kila upande na mshono huwa mbovu bila sababu inayoonekana. La pili ni unyevu: waya ulioachwa wazi msimu wa mvua za Aprili hunyonya maji, na mshono wake hutokea na vijia virefu kama vilivyochimbwa na minyoo. La tatu ni magurudumu ya mashine, kwani waya huu una kiini laini na hupondeka ukibanwa kwa nguvu. Hutakiwa magurudumu yenye meno madogo na mbano wa wastani. Aidha, unapoingia kazini uache waya utokeze kidogo zaidi nje ya ncha ya shaba kuliko ulivyozoea, takriban milimita 12 hadi 20, ili upate joto la kutosha kabla ya kufika kwenye tao.

Uvumilivu wa upepo

Kigezo hiki hakihitaji maneno mengi, ingawa ndicho kinachoamua mambo kwa watu wengi zaidi jijini. Gesi zote mbili hupeperushwa na upepo wa takriban kilomita 8 kwa saa, yaani ule unaotikisa majani na kusikika usoni. Kaboni dioksidi na agoni zote ni nzito kuliko hewa, lakini tofauti iliyopo kati yake haitoshi kuokoa kazi ya nje. Banda lililo wazi upande wa barabara hupigwa na upepo kila matatu inapopita kwa kasi, na fundi hubaki akishangaa kwa nini vitundu vinakuja na kuondoka. Kipande cha bati kilichosimamishwa upande unaotoka upepo hufanya kazi kuliko kubadilisha gesi.

Waya wenye dawa huvumilia upepo zaidi, kwa sababu kinga yake hutoka ndani ya waya wenyewe na kufunika chuma kwa moshi na ganda. Hauvumilii dhoruba, lakini kwenye paa la Syokimau au roshani ya ghorofa ya kumi huko Kilimani, tofauti yake na gesi ni kubwa mno kupuuzwa.

Ubora wa mshono kwa chuma chako

Kaboni dioksidi hupenya vizuri na kwa upana, jambo linalofaa kwa fremu za trela, miguu ya matangi na chuma cha milimita 3 kwenda juu. Tao lake ni kali na hurusha matone mengi. Kwa kuwa gesi hii hutoa oksijeni ikigawanyika ndani ya tao, hutumika pamoja na waya wenye silikoni na manganizi za kutosha, kama ER70S-6, na vile vipande vya rangi ya kahawia vinavyofanana na kioo juu ya mshono ni mabaki ya kazi hiyo, si dalili ya gesi mbovu. Vikwangue kabla ya kupaka rangi, kwani rangi haivishiki.

Mchanganyiko, kwa mfano wa agoni asilimia 80 na kaboni dioksidi asilimia 20, hutoa tao tulivu, matone machache na mshono unaopendeza. Kwenye skwea tyubu nyembamba za madirisha na samani, tofauti huonekana siku ya kwanza, kwa sababu fundi hatoboi ovyo na hahitaji kusugua kila kiungo. Ni mchanganyiko wenye agoni ya kutosha, takriban asilimia 80 na zaidi, unaoruhusu pia ile njia ya kuchomelea ambapo waya hutiririka kama mnyunyizo laini kwenye chuma kinene, alimradi mashine iwe na nguvu ya kutosha. Kwa chuma kisichoshika kutu, agoni yenye asilimia chache tu za gesi nyingine ndiyo hutumika. Kaboni dioksidi tupu huongeza kaboni kwenye mshono na kuupunguzia uwezo wa kustahimili kutu.

Waya wenye dawa hupenya vizuri na huvumilia chuma ambacho hakikusafishwa kikamilifu, ingawa si ruhusa ya uvivu. Huacha ganda la kugongwa na matone ya kusuguliwa, na kwenye bati jembamba ni mgumu kuudhibiti. Soma jina la waya kabla ya kazi nzito: E71T-GS ni wa mshono wa tabaka moja tu, na kuurundika tabaka juu ya tabaka kwenye kiungo kinachobeba mzigo ni kumhatarisha mtu mwingine.

Gharama nzima

Bei za Nairobi hubadilika, hivyo afadhali nikupe hesabu ya kuzipima. Kilo 1 ya kaboni dioksidi hutoa zaidi ya lita 500 za gesi. Mtungi wa kilo 10, kwa mtiririko wa lita 12 kwa dakika, unakupa saa 7 hivi za tao kuwaka. Mtungi wa mchanganyiko wenye ujazo wa lita 10 ulioshindiliwa kwa bari 150 una lita 1,500 za gesi, ambazo kwa mtiririko ule ule huisha baada ya saa 2 na dakika chache. Ndiyo maana aliyenunua mtungi mdogo wa mchanganyiko hulalamika kwamba ameibiwa, ilhali ni fizikia iliyomfikia. Mchanganyiko unaanza kuwa na maana kwa mtungi mkubwa: wa lita 50 kwa bari 200 una takriban lita 10,000.

Upande wa pili wa hesabu ni muda. Chukua saa moja, hesabu dakika ambazo kijana wako anasugua matone kwa grainda, ongeza bei ya diski, kisha zidisha kwa siku za mwezi. Karakana inayotoa milango ya kupakwa rangi nzuri mara nyingi huona kwamba akiba ya kaboni dioksidi imelipwa kwa diski. Anayejenga stendi za matangi hawezi kuona hivyo, kwa sababu hakuna anayesugua mshono wa stendi.

Waya wenye dawa ni ghali zaidi kwa kilo kuliko waya mgumu, na sehemu ya uzito wake huishia kuwa ganda na moshi badala ya chuma. Unaokoa bei ya mtungi, regulata na boda boda ya kuubeba, jambo lenye uzito kwa fundi anayehama kila siku.

Afya ya walio karibu

Kaboni dioksidi hugawanyika ndani ya tao na kutoa monoksidi ya kaboni, na yenyewe pia huweza kujaa chini ya chumba kisicho na mlango wazi. Agoni haina harufu wala rangi, nayo hufukuza hewa ya kupumua kimyakimya ndani ya shimo, tangi au kontena. Tao lake, kwa upande mwingine, ni angavu zaidi kwa macho na ngozi. Waya wenye dawa hutoa moshi mwingi kuliko zote, na sikushauri utumike ndani ya kontena lililofungwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwajibisha mwajiri juu ya hewa ambayo wafanyakazi wake wanaivuta, awe na wafanyakazi wawili au mia. Ile desturi ya kunywa maziwa baada ya kuchomelea mabati haioshi mapafu. Ondoa zinki kwa grainda kwanza, fungua milango, na uvae barakoa inayofaa mvuke huo. Mitungi yote ifungwe kwa mnyororo ukutani.

Nani achague nini

Ikiwa unafanya fremu nzito na stendi ndani ya jengo lenye kuta, na wateja wako hawatazami uso wa mshono, kaboni dioksidi itakuhudumia vyema, mradi ununue mizani na hita ya regulata pamoja na mtungi wa kwanza. Bila vitu hivyo viwili utakuwa ukiyakisia matatizo.

Ikiwa kazi yako kubwa ni madirisha, samani na skwea tyubu za milimita 1 hadi 2, na una vijana wanaojifunza, elekea kwenye mchanganyiko, tena kwa mtungi mkubwa. Geji inayosema kweli ni msaada kwa mwanafunzi, na volti zipunguzwe siku ile ile mtungi unapobadilishwa.

Ikiwa unaitwa leo Ruai kesho Rongai, unapanda paa na kubeba mashine ndogo begani, waya wenye dawa unakufaa, baada ya kuhakikisha kwamba mashine yako inaruhusu kugeuza ncha za umeme. Ziko mashine zisizoruhusu, na nyingine zilizofungwa upande hasi daima, ambazo haziwezi kutumia waya wa gesi ipasavyo.

Karakana yenye kazi za ndani na za nje haina haja ya kushikilia kinga moja. Wengi huweka mtungi mmoja kwa kazi za mezani na roli ya waya wenye dawa iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku za kwenda saiti, wakabandika karatasi kwenye mlango wa mashine ikisema nyaya zimeunganishwa upande gani.

Na ikiwa umesoma hadi hapa kwa sababu leo asubuhi geti la mteja limetoka na vitundu, mwambie geti litachelewa hadi jioni, kisha anza na kipande kilichosafishwa, chumba kisicho na upepo na maji ya sabuni, kabla hujapiga simu kuulizia gesi nyingine.